Posho Haimshikilii Anayejitolea

"Tuwape shilingi ngapi ili wasituache?"

Swali hili huletwa na waratibu wa asasi, makatibu wa vikundi vya vijana, viongozi wa misikiti na parokia, hata walimu wakuu wanaotafuta wazazi wa kusimamia uji wa shuleni. Maneno ndiyo hubadilika. Mmoja anataka kujua kama elfu 5 inatosha au iwe elfu 10. Mwingine anauliza kama posho itolewe kila wiki au ikusanywe mpaka mwisho wa mwezi. Wa tatu ameshaanza kuitoa, watu wanaendelea kuondoka, na sasa anataka kujua aongeze ngapi. Nimelijibu vya kutosha kwa mdomo. Leo nalijibu kwa maandishi. Hakuna kiasi cha posho kinachomshikilia mtu kwenye kazi ya kujitolea. Kikiwa kidogo kinaiharibu kazi hiyo. Kikiwa kikubwa kimeshakuwa mshahara, na mshahara una sheria zake.

Kabla hamjanirukia: sisemi watu wafanye kazi kwa nauli zao wenyewe. Fedha zinazozungumzwa hapa ni za namna tatu, na fujo yote inaanzia kwenye kuzichanganya. Kuna kurudishiwa gharama: nauli, vocha, chakula cha mchana kwa aliyeshinda kazini. Hilo ni deni. Mtu katumia chake kwa ajili yenu, mrudishieni. Kuna ujira: mtu anafanya kazi kwa saa mlizompangia, mnamtegemea, naye anategemea kipato hicho. Halafu kuna posho ninayoipinga: fedha kidogo isiyolingana na gharama wala na kazi, inayotolewa kwa kuhudhuria tu, kwa matumaini kwamba mtu atarudi tena kesho. Hiyo ndiyo imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa, na sijaona hata mmoja ulioponywa nayo.

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Huko Israel, wanafunzi wa sekondari walipita nyumba kwa nyumba kuchangisha fedha za hisani. Kundi moja lilielezwa umuhimu wa kazi hiyo, basi. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya watakachokusanya, na la tatu asilimia 10, malipo yakitoka mfukoni mwa watafiti na si kwenye michango. Waliokusanya nyingi kuliko wote ni wale ambao hawakuahidiwa chochote. Wa asilimia 10 wakafuata. Wa asilimia 1 wakawa wa mwisho.

Someni mpangilio huo kwa makini, maana kila anayeniuliza habari ya elfu 5 yuko kwenye lile kundi la mwisho. Asiyelipwa huipima siku yake kwa kazi yenyewe: mtoto kapimwa uzito, mzee katembelewa, mtaro umezibuliwa kabla ya mvua. Ukimpa elfu 5 umemwekea kipimo kingine, na anaanza hesabu ambayo hakuwa nayo. Siku nzima juani kwa elfu 5? Saidia fundi halipwi hivyo. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Ninyi ndio mliomkaribisha sokoni, kisha mkampa bei ya chini kuliko zote zilizopo. Na mkiiondoa posho baadaye, hali hairudi ilivyokuwa. Anayeacha kupewa alichozoea huona amepunguziwa, hata kama mwanzoni alikuja bure.

Wapo wanaonijibu kwamba walipotangaza kiasi kikubwa zaidi, watu walijaa. Naamini. Idadi ya majina hupanda. Swali ni majina ya nani. Nchini Uganda, shirika la maendeleo la BRAC lilipokuwa likitafuta wahamasishaji wa afya wa vijijini, mtafiti Erika Deserranno alifuatilia kilichotokea pale ambapo waombaji walitajiwa viwango tofauti vya kipato wanachoweza kupata. Kwa mujibu wa utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019, kiwango cha juu kilivuta waombaji wengi zaidi, lakini kiliwakatisha tamaa wale waliokuwa na msukumo mkubwa wa kuisaidia jamii yao. Na hao waliokatishwa tamaa ndio wa aina inayodumu kazini. Tangazo ni kauli: ukiweka fedha mbele, mtu mwenye nia anaelewa kwamba kazi hii inatafuta watu wa aina nyingine, naye anakaa kando.

Kaeni nyuma ya ukumbi siku ya mafunzo mjionee. Saa tatu asubuhi watu wanaingia na daftari na maswali ya maana: nikikuta mlango haufunguliwi nifanyeje, nikiulizwa kuhusu dawa nijibu nini, mume akinifokea mbele ya mgonjwa niondoke au nikae? Kisha mhasibu anaingia na karatasi ya saini yenye safu nne: jina, namba ya simu, kiasi, saini. Tangu hapo macho yote yanaifuata karatasi ikipita kiti kwa kiti. Mwezeshaji bado anazungumza, lakini swali linalofuata linahusu kwa nini aliyetoka mbali, kule Kibada, amepewa sawa na anayekaa nyuma ya ukumbi huu. Aliyeuliza habari ya mlango usiofunguliwa hajajibiwa. Karatasi ikishamaliza mzunguko, viti vya nyuma vinaanza kubaki wazi. Jioni ripoti inaandikwa kwamba mafunzo yalihudhuriwa vizuri, na saini zipo.

Utamaduni huo haukuletwa na wanaojitolea. Ulikuja na bajeti za miradi zenye fungu la kugharimia mahudhurio na zisizo na fungu la kugharimia usimamizi. Mfadhili anataka orodha ya waliohudhuria, mratibu anaitengeneza, posho inarahisisha kazi. Mradi ukifungwa, posho inakatika na watu wanakatika nayo, kisha tunaambiwa vijana wa siku hizi hawana moyo.

Hawana moyo! Sentensi hiyo naiona kuwa tusi, na siipokei hata ikitoka kwa mtu ninayemheshimu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 kuhusu hali ya kujitolea duniani ilikadiria kwamba takriban asilimia 70 ya kazi yote ya kujitolea hufanyika mtu kwa mtu, nje ya asasi yoyote. Watu wanajitolea kila siku. Wengi hawajitolei kwenu, na hilo ndilo la kujiuliza.

Angalieni msiba wowote wa mtaani. Taarifa inatoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali turubai limefungwa, viti vimepangwa, kuni zimepasuliwa, akina mama wako nyuma ya nyumba na masufuria makubwa, vijana wako makaburini na sululu. Hakuna aliyesainishwa. Wengi wamekuja na mchango wao mkononi juu ya nguvu zao. Vijana wanaochimba kaburi pale ni wale wale tunaoambiwa hawana moyo.

Watu husema msiba unafanikiwa kwa sababu ni desturi, kana kwamba desturi inajiendesha yenyewe. Unafanikiwa kwa sababu umepangwa kuliko asasi nyingi ninazozijua. Anayefika anapangiwa kazi papo hapo na mtu anayemfahamu: wewe jikoni, wewe maji, wewe usafiri wa wageni. Kazi ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Kila mmoja anafanya anachokiweza. Fundi umeme hapelekwi kumenya vitunguu na anayejua kupika pilau la watu mia haambiwi akapokee wageni. Mwenye kosa anasahihishwa na mkubwa wake pembeni, haaibishwi hadharani. Na mwishoni mweka hazina anasimama na daftari la rambirambi: kilichopatikana hiki, kilichotumika hiki, kilichobaki kimekabidhiwa kwa familia. Waliotoa jasho wanashukuriwa kwa kazi waliyoifanya, mbele ya majirani wanaowajua.

Lipo jambo moja ambalo asasi haiwezi kuliiga: msibani kila mtu anajua kwamba zamu yake itafika na wenzake watakuja. Asasi haina malipo hayo ya baadaye. Ndiyo maana inapaswa kuwa makini zaidi katika mengine yote, na hapo ndipo nyingi zinapoanguka.

Sikilizeni wanachosema walioondoka, maana wakiulizwa kwa utulivu husema. Kijana aliitwa saa mbili kamili akakaa barazani mpaka saa sita kwa sababu gari lilikuwa na kazi nyingine, na hakuna aliyetoka ofisini kumwambia. Mama alijaza fomu za kaya za mtaa mzima, akazikabidhi, na mpaka leo hajui zilikwenda wapi wala zilifanyiwa nini. Mwingine alipelekwa kuelimisha watu juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hakufundishwa, akaulizwa na mzee wa mtaa, akakosa jibu, akaona aibu kurudi. Mwingine alitumia vocha yake kuwapigia wagonjwa kwa mwezi mzima, na alipoomba arudishiwe akaambiwa, "Si umejitolea?"

Maneno hayo mawili yamefukuza watu wengi kuliko ukosefu wa posho. Yanamaanisha kwamba ukishajitolea huna haki ya kudai chochote, hata chako mwenyewe. Ni dhuluma, na ofisi inayoyatumia isishangae viti vikibaki vitupu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na elfu 5. Saa nne za kukaa barazani ni za mratibu kuzitafutia dawa. Fomu zisizojibiwa zinahitaji mtu wa kurudi mtaani kusema: mlituletea majina ya watoto ambao hawakuwa wamechanjwa, na hawa hapa sasa wamechanjwa. Anayejua kwamba kazi yake ilifika mahali hurudi. Lusaka, nchini Zambia, vinyozi na wasusi waliombwa kuuza kondomu za kike katika saluni zao kwa ajili ya kujikinga na Virusi vya Ukimwi. Baadhi walipewa kamisheni ndogo, wengine kubwa, na wengine walipewa nyota kwenye chati iliyobandikwa ukutani ambapo kila mteja aliiona. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba wa nyota waliuza mara mbili ya wengine. Msikimbilie sasa kuchapisha nyota. Chati ile ilifanya kazi kwa sababu ilionyesha kazi halisi, kwa watu ambao heshima yao ilikuwa na maana kwa kinyozi yule. Fulana yenye nembo ya mfadhili haina sifa hata moja kati ya hizo mbili, na sielewi kwa nini kila bajeti inaanza na fulana.

Sasa upande wa pili, ambao naujali zaidi. Kuna kazi ambazo tunaziita za kujitolea na si za kujitolea hata kidogo. Mama anayetembelea kaya siku nne kwa wiki, anayebeba rejista na mizani, anayeandika ripoti ya mwezi, anayegombezwa akichelewa kuileta, yule ana kazi. Kumpa elfu 20 kwa mwezi na kumsifia moyo wake ni kumnyonya. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ndiye maskini kuliko wote waliomo kwenye picha ya ukumbusho ya mradi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya wa jamii, na lilipendekeza walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa, mafunzo na majukumu yao. Tena lilionya dhidi ya kuyafungamanisha malipo yao yote au sehemu yake kubwa na idadi ya kazi walizotimiza.

Serikali zetu zimeanza kulielewa. Kenya, mwaka 2023, iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa na malipo ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, serikali kuu ikichangia nusu na kaunti nusu. Unaweza kusema ni kidogo, nami nasema hivyo, lakini kina jina, kina tarehe, na mtu anaweza kukidai. Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, ikilenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Asasi inayoendelea kumwita mtu wa namna hiyo volontia, kwa sababu tu andiko la mradi lilikosa fungu la mshahara, imeachwa nyuma.

Na iko hatarini kisheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili ambazo hata moja tu ikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi kuwa chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake kupangwa na mwingine, kupewa vitendea kazi, kumtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi, au kuwa amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Hazifiki hata siku sita za saa nane. Pimeni watu wenu kwa orodha hiyo kabla hawajapimwa na mtu mwingine, na mjue kwamba posho ya kila mwezi inayofanana kila mara ndiyo karatasi ya kwanza itakayowekwa mezani siku ya shauri.

Basi mfanye nini? Kaeni chini na orodha ya kila kazi mnayoitolea wito. Inayohitaji mtu zaidi ya siku moja kwa wiki, kwa muda usio na mwisho, iandikieni mkataba na ujira. Fedha zisipotosha, punguzeni nafasi au igaweni kazi, msipunguze ujira. Iliyobaki iandikeni kwenye ukurasa mmoja: kufanya nini, wapi, saa ngapi, mpaka lini, kwa nani mtu apige simu akikwama. Muda uwe mfupi, miezi mitatu kwa mfano, kisha mtu aulizwe kama anaendelea. Anayepewa mlango wa kutokea kwa heshima mara nyingi haondoki. Msiite watu msimu wa kupanda wala wa kuvuna, na mwezi wa Ramadhani pangeni asubuhi.

Nauli na vocha rudisheni siku hiyo hiyo kwa simu, kila mtu kwa umbali wake, bila kusubiri saini ya mkurugenzi aliye safarini. Kwenye bajeti fungu hilo liitwe kurejesha gharama, na neno motisha lifutwe. Buti, glavu na mwamvuli vitangulie fulana. Anayefanya kazi na watoto aje na barua ya serikali ya mtaa na wadhamini mnaowapigia simu kweli, na asiachwe peke yake na mtoto, hata akiwa mjumbe wa kamati yenu au mtoto wa mchungaji. Wekeni msimamizi mmoja kwa watu kumi hadi kumi na watano, huyu alipwe, na kazi yake iwe ni hao watu na si hao watu pamoja na ripoti, manunuzi na kupokea wageni. Hapo ndipo fedha mliyokuwa mkiigawa elfu tano tano inapopaswa kwenda.

Kikao kikitangazwa saa tatu kianze saa tatu. Gari likikwama, mtu apigiwe simu akiwa bado nyumbani. Kila fomu iliyoletwa ijibiwe ndani ya mwezi, hata kwa ujumbe mfupi kwenye grupu la WhatsApp: tulipata kaya ngapi, tumefanya nini, bado nini. Anayekosea asahihishwe faragha. Anayefanya vizuri atajwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa jina na kwa kazi aliyoifanya, na mwenyekiti wa mtaa awe amejulishwa mapema ili alisikie kutoka kwenu kabla ya kulisikia kwa wengine.

Anayeondoka apigiwe simu wiki hiyo hiyo, na mtu asiye msimamizi wake, aulizwe maswali mawili: lini ulianza kufikiria kuacha, na siku hiyo kulitokea nini. Andikeni majibu yake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mpeni barua inayoeleza alichokifanya kwa undani, mitaa aliyohudumia na ujuzi alioupata, barua ambayo mwajiri anaweza kuisoma na kuelewa. Kama alikuwa anawadai nauli, mlipeni kabla ya barua.